Daftari la Mwalimu wa Kwaya: Kuandaa Nota Zinazoimba Kwenye Simu

Ukishuka basi stendi ya Bweri jioni ya katikati ya wiki, halafu ukakatiza mitaani kwa mguu, ni nadra kufika nyumbani bila kusikia kwaya mahali fulani inafanya mazoezi. Mimi huimba besi kwenye kwaya mojawapo ninapokuwa likizo Musoma. Mwalimu wetu hufundisha kutoka kwenye kaunta buku ambalo jalada lake lilikwisha kuchanika zamani. Nyimbo karibu zote ameziandika kwa mkono, kwa sol-fa. Sisi wengine tunashika simu, na ndani ya simu kuna picha ya ukurasa wa hilo daftari, iliyopigwa usiku, ikatupwa kwenye grupu la WhatsApp, ikasambazwa tena na tena mpaka herufi zimeingia ukungu.

Siku moja dada mmoja wa alto akauliza, "Mwalimu samahani, hapa ni fa au ni fe?"

Mwalimu akavaa miwani. Akaangalia simu ya yule dada, akarudi kwenye daftari lake. Daftarini penyewe palikuwa pameloa, maana mvua za masika zilipita kwenye tundu la bati. Akafikiri kidogo, akasema, "Nitawaimbia, nisikilizeni vizuri." Akaimba, tukafuata, mazoezi yakaendelea.

Basi, tatizo likaisha. Ila nilipokuwa natembea kurudi nyumbani nikawaza: siku atakapokuwa hayupo wa kutuimbia, hiyo nota itakuwa imeandikwa wapi? Makala hii ni jibu nililolipata baada ya likizo mbili za kuhangaika na kompyuta. Ni maelezo ya jinsi ya kuandaa nota zinazoweza kuwekwa mtandaoni zikaonekana vizuri kwenye simu, zikapiga sauti zenyewe, zikahamishwa ufunguo, na zikamruhusu mtu wa alto kusikiliza alto peke yake. Huhitaji kuwa mwanamuziki wala mtu wa IT. Unahitaji uvumilivu na wimbo mmoja unaoupenda.

Daftari lililopotea

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana.

Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga wimbo ambao tuni yake ndiyo tunayoisimamia leo tunapoimba Mungu Ibariki Afrika. Aliuandika kwa sol-fa, kama mwalimu wetu. Na nyimbo zake alikuwa akizitunza kwenye daftari la kawaida la shule. Alifariki mwaka 1905, akiwa bado kijana. Walimu wengine wa kwaya wakawa wanaliazima lile daftari, likapita mkono hadi mkono, na hatimaye likapotea. Halijaonekana mpaka leo.

Wimbo ule mmoja ulipona kwa sababu ulikuwa umekwishaingia vinywani mwa watu. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi kwenye santuri kule London. Lakini zile nyimbo nyingine za daftarini, nani atatuimbia?

Sasa hesabu madaftari yaliyopo Mara peke yake, kuanzia Musoma, Bunda, Butiama, Tarime hadi Rorya. Parokia na sharika zenye kwaya ni nyingi, na kila kwaya ina mwalimu mwenye kaunta buku lake. Nyingine ni tungo zake mwenyewe ambazo hazijachapwa popote.

Picha siyo nota

Watu wengi wakisikia "weka nota mtandaoni" wanafikiria kupiga picha au kuskani, kutengeneza PDF na kuipandisha. Hiyo ni hatua nzuri na imesaidia sana. Wanakwaya wengi wa Kikatoliki nchini wanaijua tovuti ya Swahili Music Notes, ambako unapata nota za PDF, na nyimbo nyingine zina faili la MIDI la kusikiliza. Kabla ya hapo ilibidi usafiri au uombe kopi kwa mtu.

Lakini PDF ina mpaka wake. Fikiria matokeo ya mtihani yakibandikwa kwenye ubao wa matangazo, wewe ukayapiga picha. Unaweza kuyasoma. Huwezi kuiambia simu ikupangie waliopata A, wala ikupigie wastani, kwa sababu kwa simu ile ni rangi nyeusi na nyeupe tu. Mwenye faili lenyewe la Excel anayafanya hayo kwa sekunde moja. Matokeo ni yaleyale, ila faili lake linajua kwamba ile ni namba, na ile ni jina la mtu.

Nota nazo ziko hivyohivyo. Kwenye picha, ile duara nyeusi yenye mkia ni doa la wino. Kwenye faili lililoandaliwa vizuri, imeandikwa kwamba hii ni nota ya G, oktava ya nne, inadumu pigo moja, ni ya sauti ya alto, na inabeba silabi "ngu" ambayo ni ya pili katika neno lake. Kompyuta ikishayajua hayo, mengine yote inaweza kuyafanya yenyewe. Itaichora nota upya kulingana na upana wa kioo chako, itaipiga, itaipandisha kutoka F kwenda G, itaiwekea rangi inapofika zamu yake.

Upana wa kioo siyo jambo dogo. Karatasi ya A4 ina sentimeta 21 kwa upana, simu nyingi zina kama 7. Ndiyo maana ukisoma PDF kwenye simu unavuta kwa vidole viwili, unaona ba mbili, unasogeza, umeshapotea, kwaya imekuacha.

Wazee walikuwa wameshaanza

Kuna kitu nilikuwa sikijui. Sol-fa ilianzia Uingereza. Mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Sarah Glover, alibuni mfumo wake, kisha John Curwen, aliyeishi 1816 hadi 1880, akauboresha na kuusambaza. Sababu moja ya kusambaa kwake ni bei. Sol-fa huandikwa kwa herufi na alama za kawaida, kwa hiyo mtambo wowote wa kuchapa vitabu uliweza kuichapa bila vifaa maalumu vya muziki. Wamisionari wakaibeba hadi Afrika, na huku ikashika mizizi.

Ukiitazama kwa jicho la kompyuta, sol-fa ni data tayari. Chukua mstari huu nilioubuni sasa hivi:

d :r | m :– | s.f :m | r :–

Nukta mbili zinatenganisha mapigo, mstari wima unaanzisha pigo zito, nukta moja inaligawa pigo nusu kwa nusu, na dashi inaendeleza sauti iliyotangulia. Mstari mzima huo unaweza kuutuma kwa ujumbe wa kawaida wa simu. Tena ukitaka kuhamisha ufunguo, hubadilishi herufi hata moja. Unafuta "Do ni F" unaandika "Do ni G", kazi imeisha. Mwalimu wetu anafanya hivyo kila siku soprano wakianza kulalamika.

Kwa hiyo tunapoandaa nota za mtandaoni hatuanzi dini mpya. Tunamfundisha mashine kitu ambacho mwalimu wa kwaya anakijua siku zote, kwamba nota ni maana kwanza na mchoro baadaye.

Mafaili unayotakiwa kuyajua

MIDI ni mfumo wa mwaka 1983, uliotengenezwa ili vinanda vya umeme viweze kuongea. Unaandika tu kwamba kitufe fulani kimebonyezwa saa ngapi, kwa nguvu gani, na kimeachiwa lini. Ni mwepesi sana, unafaa kusikiliza. Lakini kwake F shapu na G flati ni kitufe kimoja, namba 66, basi. Ukijaribu kurudisha MIDI kuwa nota za kusoma, unapata vituko.

MusicXML ndiyo tunayoihitaji. Ilianzishwa na Michael Good, toleo la kwanza likatoka 2004, na tangu 2015 inasimamiwa chini ya W3C, shirika lilelile linaloweka viwango vya wavuti. Ni maandishi ya kawaida, unaweza kuyafungua na kuyasoma hata bila programu ya muziki. Ikibanwa huwa na kiishio cha .mxl, na wimbo wa kwaya wa kurasa mbili kwa kawaida huchukua makumi machache tu ya kilobaiti. Picha moja ya daftari kutoka kwenye kamera ya simu ni megabaiti mbili, tatu. Mwenye bando la mia tano anaelewa tofauti hiyo bila kufundishwa.

Ipo pia MEI, ambayo watafiti wa muziki huipenda kwa sababu inaweza kubeba hata maelezo ya aina hii: "daftari linasema fa, mwalimu anasema fe". Kwa kuanzia, MusicXML inatosha.

Tahadhari moja. Faili la programu fulani siyo sawa na faili la wazi. Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kuacha kuiendeleza Finale, programu ya kuandikia nota iliyokuwepo kwa miaka 35. Duniani kote watunzi wakaanza kuhangaika kuhamisha nyimbo zao kwenda MusicXML kabla kompyuta zao hazijakataa kuifungua programu yenyewe. Hilo nalo ni daftari linaloweza kupotea, tofauti ni kwamba halijaloa. Kwa hiyo chochote utakachotumia, kila wimbo utoe pia kwa MusicXML na uutunze hivyo.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Programu ninayotumia ni MuseScore. Ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti ukishaipakua. Kama laptopu yako ni ya zamani, toleo la tatu ni jepesi kuliko la nne.

1. Sauti nne, stafu nne. Vitabu vingi hubana soprano na alto kwenye stafu moja ili kuokoa karatasi. Mtandaoni hakuna karatasi ya kuokoa. Ipe kila sauti stafu yake na jina lake, Soprano, Alto, Teno, Besi. Ukizibana, baadaye yule dada wa alto hataweza kunyamazisha soprano ajisikilize, kwa sababu mashine itaziona kama mpigaji mmoja.

2. Ingiza nota. Bonyeza N kuanza, kisha chagua urefu kwa namba: 5 ni pigo moja, 4 ni nusu pigo, 6 ni mapigo mawili. Halafu andika herufi ya nota. Kama unatoka kwenye sol-fa, andika kwanza pembeni do ni nini, mfano do ni F, kwa hiyo re ni G, mi ni A, fa ni B flati. Ba kumi za kwanza zitakuchosha, baadaye vidole vinazoea. Zipo programu za kusoma nota kutoka kwenye skani, kama Audiveris ambayo ni ya bure, ila hizo zinataka chapa safi ya stafu. Kwa mwandiko wa mkono na picha za usiku, kuandika mwenyewe ni haraka zaidi.

3. Angalia teno. Hapa nilichekwa. Wimbo wangu wa kwanza niliupiga mbele ya kwaya, teno wakasikika juu ya soprano, kama vifaranga. Sababu ni kwamba sauti za kiume kwenye sol-fa, kwa mazoea, huandikwa bila kuonyesha kwamba zinaimbwa oktava moja chini ya zilivyoandikwa. Mwanaume akiziona anashuka mwenyewe bila kuambiwa. Mashine haijui kwamba wewe ni mwanaume. Teno mpe ufunguo wa G wenye namba 8 chini yake, na besi hakikisha iko kwenye ufunguo wa F mahali pake halisi.

4. Maneno. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Programu haijui Kiswahili, inakutegemea wewe. Silabi zetu kwa kawaida huishia na irabu, kwa hiyo ni Mu-ngu, siyo Mun-gu. Kwe-nda, siyo kwen-da. M ya mtoto ni silabi inayojitegemea, m-to-to, sawa na n ya n-chi na n-ne. Sasa sikiliza wimbo wenyewe. Je, mtunzi aliipa hiyo m nota yake, au aliibana pamoja na silabi inayofuata kwenye nota moja? Fuata alichofanya, usibuni.

Kati ya silabi za neno moja weka kistari, usiweke nafasi. Kwenye karatasi havitofautiani sana. Kwenye faili, "Mu" nafasi "ngu" ni maneno mawili yasiyo na maana, na siku mtu akitafuta nyimbo zenye neno Mungu, wimbo wako hautatokea. Na chunga ng' ya ng'ombe na ya kung'aa. Kile kikoma cha juu mara nyingi hugeuka kuwa alama ya kufunga nukuu, au kinapotea kabisa ukinakili kutoka WhatsApp, na "kung'aa" inabaki "kungaa".

Beti nazo zina mahali pake. Shairi la kwanza liwe mstari wa kwanza wa maneno, la pili mstari wa pili. Usiyarundike chini ya ukurasa kama aya, kwa sababu hapo mashine haiwezi kujua silabi ipi iko chini ya nota ipi.

5. Marudio na kasi. Nyimbo zetu nyingi zina kiitikio, kisha mashairi, kisha unarudi kwenye kiitikio. Mwalimu huandika pale mwisho "rudi mwanzo" na kila mtu anaelewa. Ukiyaandika maneno hayo kama maandishi ya kawaida, mashine itafika hapo na kunyamaza, kwa sababu kwake ni pambo tu. Tumia alama halisi za programu, yaani D.C., Fine, na nukta za kurudia. Vivyo hivyo "kwa furaha" haimwambii mashine lolote. Weka na namba, mfano mapigo 96 kwa dakika, kisha maneno ya mwalimu yabaki juu kwa ajili ya binadamu.

6. Jina na asili. Kwenye sehemu ya maelezo ya faili andika jina la wimbo, mtunzi, aliyeandaa, na nota ilitoka wapi, daftari la nani au kitabu gani. Ukiacha, baada ya miaka mitano wimbo utaitwa "mtunzi hajulikani" wakati mtunzi anaishi mtaa wa pili.

7. Toa MusicXML, halafu uifungue tena. Watu huiruka hatua hii. Funga kila kitu, fungua lile faili jipya, sikiliza sauti moja moja huku daftari liko mkononi. Makosa mengi yanasikika kabla hayajaonekana.

Kuziweka zionekane

Ukishakuwa na MusicXML safi, sehemu ya wavuti ni fupi kuliko unavyodhani. Zipo programu mbili za bure zinazofanya kazi ndani ya kivinjari chenyewe. OpenSheetMusicDisplay husoma MusicXML na kuichora, ikipanga ba kulingana na upana wa kioo. Verovio, iliyotengenezwa Uswisi na watu wa RISM wanaoorodhesha kumbukumbu za muziki duniani, hufanya hivyohivyo kwa MEI na pia hupokea MusicXML. Inaweza kukupa MIDI ya wimbo na kukuambia nota ipi inalia sekunde ipi, ndiyo maana unaweza kuipaka rangi inapopigwa. Zote mbili zinaweza kuhamisha ufunguo.

Zote huchora kwa SVG, yaani michoro ya mistari inayobaki mikali hata ukiikuza mara kumi. Ule ukungu wa WhatsApp haupo. Aliyesoma kidogo JavaScript mwaka wa kwanza anaweza kutengeneza ukurasa wa wimbo mmoja kwa wikendi, akauweka bure kwenye GitHub Pages.

Ila fikiria mtu wa Bweri mwenye simu ya kawaida. Verovio ina megabaiti kadhaa mara ya kwanza, kwa hiyo panga kurasa zako zote zitumie nakala moja ambayo kivinjari kitaihifadhi. Usipakie sauti nzito za okestra, mlio rahisi unaotengenezwa na kivinjari chenyewe unatosha kumwonyesha mtu sauti yake. Na weka kitufe cha kupakua faili, ili mtu achukue mara moja palipo na mtandao, akafanyie mazoezi nyumbani bila bando.

Vitufe vyenyewe visizidi mahitaji. Kwetu tulibaki na vinne: piga, punguza kasi, nyamazisha sauti fulani, panda au shuka ufunguo. Kisha tukaongeza kimoja ambacho kwaya iliomba, kuonyesha sol-fa chini ya stafu. Faili likijua ufunguo, kila nota inaweza kuhesabiwa ni do au ni so. Wimbo ukigeuka ufunguo katikati inabidi uweke alama mwenyewe, lakini nyimbo nyingi za kwetu hazifiki huko. Siku hiyo ndipo mwalimu aliposogea karibu na kioo kwa mara ya kwanza.

Ruhusa kwanza

Wimbo una mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na COSOTA ndiyo inayosimamia mambo hayo. Kwa hiyo kuupenda wimbo siyo ruhusa ya kuuweka mtandaoni. Kama mtunzi yupo, mfuate. Muombe kwa adabu, mwonyeshe utakachofanya, aandike amekubali nini: kuonyesha tu, au na kupakua? Wengi wanafurahi, kwa sababu kwa miaka wamezoea kuona nyimbo zao zikiimbwa bila hata jina lao kutajwa. Akikataa, kataa na wewe, andaa wimbo mwingine.

Kama unataka pa kujifunzia bila kumgusa mtu, tuni ya Sontonga ni ya zaidi ya karne moja na mtunzi wake alifariki 1905. Au tunga ba nane zako mwenyewe.

Mahali mashine inapofika mwisho

Nisiwadanganye kwamba kila muziki wa Mara unaingia humu. Iritungu la Wakurya lina nyuzi nane, na mpigaji hulifunga kwa sikio lake na kwa sauti ya mwimbaji. Hatua zake hazilazimiki kulingana na vitufe vya kinanda. MusicXML inaruhusu kuandika kwamba nota imeshuka kwa sehemu tu ya nusu toni, lakini ukishaichora kwenye mistari mitano msomaji ataiona kama nota ya kinanda na ataiimba hivyo. Mapigo ya ngoma ambamo tatu zinapishana na mbili yanaandikika kwenye stafu, ila mkao wake, ule wa kuchelewa kidogo unaofanya mabega yaanze kucheza, haumo. Kwa muziki wa namna hiyo rekodi nzuri iwe ndiyo kumbukumbu kuu, nota iwe msaidizi.

Hata kwa kwaya, nota iliyoandaliwa vizuri haimwondoi mwalimu. Inampunguzia kazi ya kurudia mstari wa alto mara ishirini, ili muda ubaki wa kufundisha pumzi, matamshi, na kusikilizana.

Ile fa na ile fe

Nilipomaliza wimbo ule ulioloa nilimpelekea mwalimu nyumbani kwake, laptopu begani. Nilikuwa nimeandika fa, kwa kubahatisha. Tukausikiliza mara ya kwanza, akanyamaza. Mara ya pili akaniambia, "Simamisha hapo. Rudi. Hapo siyo hivyo kijana, hapo ni fe. Alto anapanda ili ampokee soprano." Akaimba mwenyewe sauti ya alto, kisha akaniambia nirekebishe mbele yake. Nikaongeza shapu moja. Kwenye maelezo ya faili nikaandika kwamba daftari halisomeki katika ba hiyo, na kwamba mtunzi mwenyewe amethibitisha fe, pamoja na tarehe.

Kazi yote ile, mistari elfu kadhaa ya maandishi ya kompyuta, na kwangu chenye thamani kuliko vyote ni hiyo shapu. Ingekaa kichwani mwake tu, na siku moja tungeibishania bila wa kumuuliza.

Likizo inakuja. Wengi wetu tutapanda mabasi kurudi nyumbani, na kila mmoja anamjua mwalimu fulani mwenye daftari fulani. Usijiwekee lengo la kuandaa daftari zima, utachoka ukurasa wa tatu. Chukua wimbo mmoja, ule ambao yeye anaupenda zaidi. Muombe ruhusa, ukae naye, umwambie akusahihishe. Na usiende siku moja tu, kwa sababu mara ya kwanza atakwambia ni mzuri ili asikuvunje moyo. Makosa atakuonyesha mara ya pili.